Ngome Ikitolewa kwa Maneno

Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Bukoba



Nimepewa nafasi jioni hii niseme habari ya kale. Nimechagua kusema juu ya miji yenye kuta za mawe, na hasa juu ya saa ile ambayo watu waliomo ndani huamua kufungua lango. Vita husimuliwa sana. Masharti ya kufungua lango husimuliwa kidogo, maana hayana mlio wa mizinga. Mara nyingi ni karatasi moja au mbili, zilizoandikwa na karani ambaye jina lake halikuhifadhiwa. Kwa sababu hiyo naona kwamba habari hii yatuhusu sisi tulioshika kalamu kuliko iwahusuvyo walioshika mikuki.

Huenda wengine watasema, Wahaya hawakuwa na miji ya mawe, basi hayo yatupasaje? Ni kweli, kikale cha Mukama kilizungukwa na ua wa matete, na nguvu yake ilikuwa katika watu. Walakini mji huu wa Bukoba ulikuwa na boma, tangu Emin Pasha aliposimamisha kituo cha Wadachi hapa mwaka wa 1890. Na mji huu ulipata kutwaliwa. Tarehe 22 Juni 1915 askari wa Kiingereza, waliokuja kwa meli kutoka Kisumu, walishuka pwani ya ziwa kaskazini mwa mji. Wakapigana siku ile na siku iliyofuata, hata Wadachi wakaondoka. Hakuna aliyetoa funguo, wala hakuna aliyeandika sharti lolote. Mlingoti wa simu ya upepo ukaangushwa, boma likaharibiwa, nyumba za mji zikatekwa nyara, kisha majeshi yakapanda meli yakarudi yalikotoka. Mji ulitwaliwa na kuachwa ndani ya siku chache. Wenyeji, ambao vita hivyo havikuwa vyao, hawakuwa na mtu hata mmoja wa kuwasemea, kwa maana waliokuwa na haki ya kusema walikwisha kwenda zao.

Nasema hayo mwanzoni ili tuone kwamba kushindwa ni jambo moja, na kutoa mji kwa masharti ni jambo jingine.

Katika vita vya kwanza vya Waislamu, karne ya saba, tofauti hiyo ilijulikana sana. Mji ulihesabiwa kuwa umetwaliwa ama kwa nguvu ama kwa sulhu. Uliotwaliwa kwa nguvu ulikuwa mkononi mwa mshindi, atende apendavyo. Uliotolewa kwa sulhu ulikuwa na mapatano yake, na kodi ya watu wake ilikuwa ile iliyopatanwa, wala si zaidi. Miaka mingi baada ya Misri kutwaliwa, wanazuoni walikuwa wangali wakibishana kama nchi ile ilitwaliwa kwa sulhu au kwa upanga, kwa kuwa haki ya ardhi na kiasi cha kodi vilitegemea jibu. Mtu yeyote aliyepata kukaa mbele ya daftari la kodi, na mbele yake mzee anayeshika kwamba babaye hakuandikwa hivyo, ataufahamu ubishi huo bila kufundishwa Kiarabu. Na neno letu amani, ambalo sasa twalitumia kwa maana ya utulivu, kwa Waarabu lilikuwa pia jina la ahadi yenyewe: kwamba mtu aliyejitoa hataguswa, yeye wala mali yake.

Mfano ulio bora ni mji wa Iskanderia. Ulikuwa mji mkuu wa Misri chini ya Warumi wa Konstantinopoli, wenye kuta imara na bahari mbele yake, na manowari za Kirumi zaweza kuleta chakula wakati wowote. Amr bin al-As hakuwa na manowari. Hata hivyo mwezi wa Novemba 641 Patriarka Cyrus, aliyekuwa mkuu wa Warumi huko, alipatana naye. Yohana, askofu wa Nikiu, aliyeishi katika karne ile ile, ameyataja masharti: vita visimame miezi 11, watu walipe kodi, askari wa Kirumi waondoke kwa bahari na vyombo vyao, Waislamu wasiyashike makanisa wala wasiingilie mambo ya Wakristo, Wayahudi waachwe wakae mjini, na Warumi watoe dhamana ya watu, askari 150 na raia 50, mpaka mapatano yatimizwe.

Tazameni jinsi kila mmoja alivyotajwa: askari, raia, Mkristo, Myahudi. Walakini watu wa mji hawakuulizwa. Walijua habari pale tu walipowaona Waarabu wakija kuchukua kodi, na wakataka kumpiga Cyrus kwa mawe. Akawasihi, akawaambia kwamba amefanya hivyo ili kuwaokoa wao na watoto wao. Wako wanaomwita msaliti mpaka leo. Mimi simwiti hivyo, ila namlaumu kwa kuficha. Askari wa Kirumi waliondoka mwezi wa Septemba 642, na Amr akaingia mwezi ule ule pasipo kumwaga damu. Miaka mitatu baadaye Warumi walirudi na manowari wakautwaa mji tena. Safari hii Amr akaurudisha kwa upanga, mwaka wa 646, na safari hii watu wengi wakauawa. Mji ni ule ule, jemadari ni yule yule.

Sasa nitoke Misri nije pwani yetu, maana tunayo ngome moja ambayo imebadilisha mikono mara nyingi, na karibu kila mara kwa namna tofauti. Ni Ngome ya Yesu pale Mombasa. Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mjenzi Mtaliano. Imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, mdomoni mwa bandari, na mwenye kuishika aliweza kuufungulia au kuufungia mji biashara yake. Ninyi mliopata kufika Mombasa mmeiona.

Tarehe 13 Machi 1696 jeshi la Waarabu wa Oman, lililotumwa na Imamu Saif bin Sultan, liliingia Mombasa na kuizingira. Ndani walikuwamo Wareno 50 hata 70 hivi, na pamoja nao watu wa pwani kwa mamia, wanaume, wanawake na watoto, waliokuwa wafuasi wa Wareno au waliowaogopa Waomani. Hapakuwa na haja ya kuzibomoa kuta. Waomani waliushika mji, wakashika na vivuko, wakangoja.

Huwa twasikia sifa za wale wasiokubali kujitoa. Nakubali kwamba walikuwa mashujaa. Lakini tuhesabu. Mwezi wa Desemba 1696 misaada ilifika kutoka Goa, na watu wakafurahi. Mwezi wa Januari ukaingia ugonjwa wa tauni ndani ya ngome, nao uliwaua waliokuwamo na waliokuja kuwaokoa. Hata mwisho wa Agosti 1697 Wareno walikuwa wamekwisha kufa, wa mwisho wao akiwa kapteni mwenyewe, naye alipoona kwamba anakufa alimkabidhi ngome Bwana Daud wa Faza. Huyo alikuwa Mswahili na Mwislamu, na jamaa zake walikuwamo humo pamoja naye. Alikuwa na wanaume Waafrika wanane tu na wanawake Waafrika wapatao 50. Kwa watu hao akashika zamu juu ya kuta mpaka vyombo vya Wareno vilipofika tena mwezi wa Septemba. Katika habari yote ya Ngome ya Yesu sijaona jambo la kustaajabisha kama hili, kwamba bendera ya Mfalme wa Ureno ililindwa na watu ambao hawakuwa Wareno, na waliokuwa wengi wao ni wanawake. Na majina ya wale wanawake hakuna aliyeyaandika.

Moja ya meli zilizofika mwezi ule, jina lake Santo António de Tanná, ilizama chini ya ngome mwezi wa Oktoba 1697. Ilikaa chini ya maji karibu miaka 280, mpaka wapiga mbizi walipoichunguza kati ya mwaka wa 1977 na 1980, na vyombo vilivyotolewa humo vimewekwa katika makumbusho yaliyomo ngomeni.

Vita vikaendelea mwaka mwingine mzima. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 1698 Waomani walipanda kuta, na ndani walibaki watu wapatao kumi tu, pamoja na kapteni Leandro Barbosa na kasisi mmoja. Hapo hapakuwa na nani wa kufanya mapatano na nani. Siku chache baadaye meli za Goa zilitokea baharini; mabaharia wakaona bendera nyekundu ya Oman juu ya boma, wakageuza.

Miezi 33! Kwa nini hawakujitoa mapema? Mimi naona kwamba kilichowaua ni tanga. Kila walipokaribia mwisho wa chakula, tanga lilionekana upeoni, likaleta mchele kidogo, baruti kidogo na askari wachache wa kuja kufa. Na kila mara tumaini likawa jipya, na mazungumzo yakaahirishwa. Ngome isiyo na tumaini la msaada hujitoa upesi, na ngome inayosaidiwa kweli hushinda. Ile inayosaidiwa nusu nusu ndiyo inayozika watu wake wote. Wakubwa wa Goa hawakukaa ndani ya kuta zile, kwa hiyo ilikuwa rahisi kwao kuagiza uvumilivu.

Miaka 30 baadaye jambo hili likatokea kwa upande mwingine. Waarabu waliokuwa ngomeni waligombana wao kwa wao, na mwezi wa Machi 1728 Wareno wakairudia ngome, wakisaidiwa na mfalme wa Pate. Watu wa pwani walidhani wamepata mabwana walio wapole zaidi. Haukupita hata mwaka mmoja na nusu. Wareno waliwatendea watu wa Mombasa vibaya, wakiwatoza na kuwadharau, na mwezi wa Aprili 1729 mji ukaondoka juu yao. Wareno wakajifungia ngomeni.

Safari hii waliozingira hawakuwa jeshi la ng'ambo. Walikuwa wenyeji, yaani watu wale wale waliokuwa wakiwauzia Wareno mtama, kuku na kuni. Mimi naona tofauti hiyo ni kubwa kuliko mizinga. Ukuta huzuia risasi, lakini hakuna ukuta unaoweza kumlazimisha mwanamke wa sokoni akuletee chakula. Njaa ikaanza kazi yake, na meli za kutosha hazikuja kutoka Goa. Tarehe 26 Novemba 1729 Wareno wakatoa ngome kwa mapatano. Wakapewa vyombo vya kusafiria, wakatoka na roho zao, wakashika njia ya Msumbiji.

Nawaombeni mlifikiri jambo hilo. Watu wa Mombasa walikuwa na uchungu wa haki. Wangaliweza kungoja juma moja au mawili zaidi, kisha wakaingia na mapanga, na hakuna ambaye angaliwalaumu. Wakapenda zaidi kuwaona Wareno wakiondoka kuliko kuwaona wamekufa. Nao Wareno, ambao mwaka wa 1698 karibu wote walikufa, mwaka huu waliishi. Na faida ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza: Wareno hawakupata tena kuitawala Mombasa. Wazee wa mji walipeleka wajumbe Oman kuomba himaya, ndipo wakaja maliwali, na kwa njia hiyo wakainuka Wamazrui. Hata katika miaka ya 1740, Oman ilipopata watawala wapya wa ukoo wa Busaidi, Wamazrui walikataa kuwatii, wakakaa wakiitawala Mombasa kama nchi yao kwa karibu miaka mia.

Hapo ndipo naja kwenye kutolewa kwa ngome ambako kunanisikitisha kuliko kote.

Seyyid Said bin Sultan, Mbusaidi, aliitaka Mombasa kwa muda mrefu. Mwaka wa 1828 alifanya mapatano na liwali Salim bin Ahmed wa Wamazrui: askari wa Seyyid wakae ngomeni, na Salim abaki akiutawala mji. Mapatano hayo hayakumaliza mwaka. Watu wa Mombasa waliwazingira wale askari mpaka wakatoka. Kwa haki lazima niseme kwamba watu wa Seyyid waliwahesabu Wamazrui kuwa ndio waliovunja neno kwanza, na wala sina la kuwajibu. Seyyid akarudi na merikebu zake mara kwa mara, akapiga mizinga, akashindwa. Baadaye Salim akafa, nao Wamazrui wakagawanyika juu ya nani awe liwali, na baadhi ya wazee wa Mombasa wakachoka nao. Mwaka wa 1837 Seyyid alikuja tena, na liwali Rashid bin Salim, alipoona kwamba mji hauko pamoja naye, akakubali kutoka ngomeni na kukaa mjini na jamaa zake.

Basi ngome ilipatikana pasipo vita. Ilikuwa kazi iliyofanywa vizuri kuliko ya mwaka 1698, na kama ingaliishia hapo tungalimsifu Seyyid kwa akili zake. Haikuishia hapo. Hazikupita siku nyingi Wamazrui wakuu, pamoja na Rashid mwenyewe, wakaitwa kama watu waitwavyo barazani, wakakamatwa. Walikuwa watu wapatao 25. Wakatiwa chomboni, wakapelekwa Bandar Abbas katika nchi ya Uajemi, wakafungwa huko, wala hawakurudi.

Wengine husema kwamba siasa ndivyo ilivyo, na kwamba Seyyid asingaliweza kulala usingizi Unguja hali Wamazrui wangali Mombasa. Huenda. Lakini tuangalie gharama, kama tufanyavyo mwisho wa mwaka tunapofunga hesabu. Wamazrui waliosalia walikimbia, wengine Takaungu, upande wa kaskazini, wengine Gasi, upande wa kusini. Katika hao wa Gasi alikuwako mtoto mdogo, Mbaruk bin Rashid, mwana wa yule Rashid bin Salim aliyetoa ngome. Mtoto huyo alikua akijua jambo moja: kwamba baba yake alifungua lango kwa ahadi, na ahadi ikampeleka Bandar Abbas. Je, ni nani angaliweza kumwambia tena, Weka silaha yako chini, hutadhurika?

Katika miaka ya 1870 na ya 1880 Mbaruk alipigana na serikali ya Unguja zaidi ya mara moja. Akapatanishwa, akaondoka tena. Kila mapatano kwake yalikuwa ni nafasi ya kupumzika. Sina nia ya kumfanya mtakatifu. Alikuwa na watumwa, na vijiji vingi viliungua kwa ajili yake. Seyyid Said alikufa mwaka wa 1856, na watoto wake wakatawala baada yake, na hata Waingereza walipoishika pwani, lile deni la mwaka 1837 lilikuwa halijalipwa. Mwaka wa 1895 ulitokea ugomvi juu ya urithi wa utawala wa Takaungu, na Waingereza wakamchagua mtu ambaye Wamazrui wengi hawakumtaka. Mbaruk, aliyekuwa sasa mzee, akajiunga na waliokataa. Ngome yake ya Mweli, katika vilima nyuma ya pwani, ilitwaliwa mwezi wa Agosti mwaka huo, naye akatoroka, akaendelea kupigana msituni. Katika mwaka huo huo wa 1895 Ngome ya Yesu, aliyoitoa baba yake, ilifanywa gereza, ikawa gereza zaidi ya miaka 60.

Hata Aprili 1896 Mbaruk hakuwa na mahali pa kwenda. Hakutaka kujitoa kwa Waingereza, kwa sababu hao walikuwa upande wa Unguja, na habari za Unguja alizijua. Akavuka mpaka na watu wake, zaidi ya elfu moja, wakaingia nchi ya Wadachi upande wa Tanga, na huko akatoa silaha mbele ya Gavana Hermann von Wissmann mwenyewe. Sharti lilikuwa kwamba asirudishwe mikononi mwa aliowakimbia. Wadachi hawakuwa watu wa huruma nyingi, na sisi wa Tanganyika twajua. Miaka michache kabla ya hapo walikuwa wamewanyonga watu wa pwani waliopigana nao. Lakini sharti hili walilishika. Waingereza hawakumpata. Mbaruk bin Rashid alipewa makao Dar es Salaam, akakaa huko na jamaa zake miaka 14, akafa mwaka wa 1910.